Sauti ya Meneja Mpya

Wenzangu, wiki jana nilijiaibisha mchana kweupe. Mimi ni fundi wa redio katika kampuni ya malori ya majani chai hapa Nyeri. Meneja mpya, aliyerithi kiti cha Mzungu, alipoanza kutuita redioni kutoka Othaya, sauti yake ilikwaruza kama bati linaloburutwa. Ugonjwa huo naujua: mtambo ukisukumwa nguvu kupita kiasi, sauti hupasuka.

Nikaenda Othaya, nikamkosa, yuko mashambani. Nikapunguza nguvu za mtambo, nikabadilisha valvu, nikarudi nikipiga mluzi. Alipoita tena, mkwaruzo ulikuwa palepale!

"Mzee," nikamjibu redioni, madereva wote wakisikia, "sauti yako ni mbaya sana. Lakini usijali, kesho nitang'oa kabisa hicho kinachokwaruza."



Asubuhi mtu mnene mwenye kofia akaingia karakana yangu.

"Ni wewe fundi?" akauliza.

Bisibisi ikaniponyoka. Ulikuwa mkwaruzo uleule, na mkononi hakuwa na redio yoyote.

"Hii sauti niko nayo tangu nizaliwe," akasema, akifungua kola. "Kuja basi, ung'oe."