Diane Anatembea Bangkok Akiwa Umbilo

Siku ile Diane alivaa raba. Si kwamba alikuwa anakwenda mbali. Alikuwa anakwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kinyozi, Umbilo Road, Durban, na hapo hapo ndipo angeshinda. Lakini alivaa raba akazifunga kamba sawasawa, akavaa na gauni lake zuri la kitenge cha buluu, kwa sababu siku hiyo alikuwa anatembea Bangkok.

"We mwanamke, unasafiri umekaa?" akauliza Libère, kinyozi mwenyewe, Mrundi mwenzake, huku anafagia nywele za jana. "Na raba juu!"

"Soko la kule linatembewa kutwa. Ulitaka nivae ndala?"

Libère akacheka mpaka akaegemea fagio. Na wewe cheka ukitaka. Mimi sicheki, kwa sababu najua alivyoingoja siku ile.

Huyu Diane ni fundi cherehani. Mkongo, Mrundi au Mtanzania akioa hapa Durban na anataka wasimamizi wake wapendeze, ataambiwa tu: nenda kwa Diane, nyuma ya Libère. Gauni la lesi likitoka mikononi mwake, mnene anajiona mwembamba na mwembamba anapata umbo. Alifika mji huu akiwa msichana, amekimbia Rumonge na vita vyake, na mpaka leo kitu alichonacho ni karatasi ya mwombaji hifadhi, ile ya kwenda kupangia foleni kila mara ili igongwe muhuri upya. Karatasi ile inakuruhusu kukaa. Kutoka, thubutu! Ukivuka mpaka umeipoteza, na kurudi ndiyo basi tena. Kwa hiyo Diane hajawahi kupanda ndege.

Lesi zake zinatoka Bangkok, kwa mama mmoja muuza vitambaa anayeitwa Ploy. Walijuana kwa simu. Diane alikuwa anatafuta lesi ya kuziba gauni la bibi harusi lililoungua kwa pasi, akatuma picha huku na huku, Ploy akamjibu kwamba anayo. Tangu hapo wakashikana. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini walielewana kuliko watu waliosoma shule moja. Ploy akawa anamtumia mzigo kwa mali kauli: shona, uza, ndipo ulete changu. Mali kauli kwa mtu ambaye hujawahi kumshika mkono, jamani, hiyo ni imani. Diane alijua mkwe wa Ploy ni mlevi, na Ploy alijua mgongo wa Diane unauma majira ya baridi.

Kitu kimoja tu Diane alimficha: ile karatasi. Aliona haya. Kila Ploy alipouliza, "Unakuja lini?" alijibu, "Mwakani, mama." Mwakani ikaja, ikapita, ikaja nyingine.

Ndipo mwaka huu Ploy akasema anataka mtu mmoja awe wakala wake Durban. Lesi yote ya mji ipitie kwa huyo mmoja. "Nataka uwe wewe," akamwambia. "Lakini njoo, ukae dukani kwangu, ule chakula changu, tushikane mikono." Diane usingizi ulimruka. Nafasi kama ile mtu huitafuta maisha yake yote, nayo imesimama mlangoni, na mwenyewe hawezi kutoka. Akafikiri, akafikiri, mwisho akaamua kumtuma Coletha.

Coletha ni Mhaya wa Bukoba. Alikuja Durban na begi moja na anwani ya binamu aliyekuwa ameshahama. Diane alimkuta analia kwenye ngazi za jengo lao kule Point, akamwambia inuka, akamwingiza ndani. Wakalala godoro moja. Alimfundisha kushika mkasi, kupima kifua bila kumtia mteja aibu, kukataa kazi ya mtu msumbufu kwa heshima. Hata ugali wa Point, wa chumba kimoja na dirisha moja, waligawana. Usiniambie habari za urafiki hapo. Yule alikuwa mdogo wake kabisa. Na Coletha alikuwa na pasipoti ya Tanzania.

Wakakubaliana hivi: Coletha aende, aseme dada mgongo umemkatalia kukaa kwenye ndege muda mrefu. Siku ya kwanza kamera iwe wazi tangu atoke hotelini, ili Diane naye atembee. Wakifika dukani waongee wote watatu, na Coletha ashike mkono wa Ploy kwa niaba ya dada yake.

Basi. Durban watu bado wanapiga mswaki, Bangkok jua limeshapanda. Simu ikaita.

"Dada Diane! Unaona?"

Diane akaona. Mama weee! Pikipiki kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Nyaya za umeme zimefungamana juu ya barabara utadhani mtu alishonea gizani. Coletha amesimama ukingoni mwa lami, jasho linamtiririka, anaogopa kuvuka.

"Huko hakuna robot ya kusimamisha magari?"

"Iko, dada! Ila hakuna anayeitazama!"

"Fuata yule bibi mwenye kikapu. Bibi hagongwi."

Coletha akamfuata bibi, akavuka anapiga kelele, na huku Umbilo Diane akainua miguu juu ya kiti kana kwamba gari lingempita kwenye vidole. Walipita kwa wachoma mishikaki, moshi ukaziba kamera. Coletha akanunua embe bichi lililopakwa pilipili na chumvi, akalitafuna mbele ya simu kwa makusudi, na Diane akasema hilo ni sawa na nanasi la pilipili la hapa hapa beach, asijidai. Walipita tunda kubwa kama fenesi, lina miiba, na Coletha akaziba pua akasema linanuka soksi. Walipita kijumba kidogo cha mizimu kilichovikwa maua, mbele yake chupa ya soda nyekundu na mrija wake.

"Sasa hiyo soda anakunywa nani?" Diane akauliza.

"Mzimu, labda."

"Na mrija kabisa! Kumbe mizimu ya huko imestaarabika."

Walicheka wote wawili. Hebu kumbuka kwamba walicheka.

Halafu wakaingia Sampeng, kile kichochoro cha soko ambacho watu wawili wakipishana lazima mmoja aombe radhi. Hapo Diane akachanganyikiwa. Vifungo vinauzwa kwa kilo! Zipu, riboni, shanga, mpaka juu darini. "Simama! Rudi nyuma! Hivyo vya lulu, nionyeshe kwa karibu!" Libère alikuja kuchungulia, akaambiwa asizibe mwanga. Na aliyekuwa anaongoza njia si Coletha, ni Diane. "Ukimaliza duka la zipu, kata kulia. Utaona mzee anauza mikasi. Mwache. Nyoosha."

"Dada, wewe umeshafika huku?" Coletha akauliza.

"Nimetazama video za hicho kichochoro mpaka nimekariri. Nafika kila siku."

Coletha akakata kulia. Akampita mzee wa mikasi bila kusimama.

"Lile pale!" Diane akasimama. "Mlango wa kijani! Ndilo duka lake, lile!" Akarekebisha kilemba, akafuta midomo, akajiandaa kusema sawadika, salamu ya kule, kama alivyofundishwa. Kamera ikainama chini, ikaonyesha viatu vya Coletha. Kisha giza.

Ujumbe ukaingia: Chaji imekata dada, nitakupigia.

Diane aliamini. Kwa nini asiamini? Alikaa akatunga uzi kwenye sindano, ukakataa kuingia, akaiweka. Akala mkate nusu. Wateja wawili wa Libère wakaja, wakanyolewa, wakaondoka.

Simu ikalia. Ni Ploy. Hakuandika neno, ametuma picha ya shada la maua meupe na mshumaa, na vile vikatuni vya kulia, vingi.

Diane akaziona tena akilini zile pikipiki. "Coletha!" Alipiga ukelele ambao ulimfanya Libère amwache mteja na kichwa nusu. Diane ameshakaa chini sakafuni, amejishika kichwa. "Nimemtuma mtoto wa watu akafe! Mungu wangu, mama yake nitamwambia nini? Ningekwenda mimi! Ningekwenda mimi, Libère, wanifukuze, lakini ningekwenda mimi!" Alilia kilio cha msiba, cha kujitupa, na kilikuwa cha kweli.

Ujumbe mwingine ukaingia. Macho yake hayakuweza kusoma, akamsukumia Libère simu. Libère akasoma. Akasoma tena.

"Diane."

"Soma tu! Limemgonga gari?"

"Inasema hivi: kwa familia ya Diane. Leo nimepata habari kutoka kwa mdogo wake. Sikuwahi kukutana naye, lakini alikuwa mtu wangu na moyo unaniuma. Msihuzunike kuhusu kazi yake, Coletha ataiendeleza, nimemkubali." Libère akaishusha simu. "Eish. Aliyekufa ni wewe."

Yule mteja mwenye kichwa nusu akajivua taulo akatoka nje kimya kimya.

Kumzulia mtu kifo! Watu hugombana, hutukanana mpaka mababu, lakini ulimi haufiki huko. Kikulacho ki nguoni mwako, tumeambiwa tangu utotoni, na bado kila mtu siku yake ikifika anashangaa. Na kilichomchoma Diane zaidi ni kwamba machozi ya kumlilia Coletha yalikuwa bado hayajakauka usoni.

Akapiga simu ya video. Ploy akapokea, akaona uso, akapiga yowe, simu ikaanguka. Ikawa inaonyesha feni ya darini inazunguka. Kisha uso wa Ploy ukarudi, mpana, macho mekundu, kidole kinagusa kioo.

"Wewe ni mzimu?"

"Ni mimi, mama. Mzima. Coletha yuko wapi?"

Ploy akaigeuza simu. Coletha alikuwa amekaa kwenye kigoda, glasi ya maji mkononi, majora ya lesi yamezunguka miguu yake. Simu yake iko pajani, inawaka.

"Dada, usipige kelele, nisikilize," akasema kwa Kiswahili, ili mwenye duka asielewe. "Ungekuja lini wewe? Sema. Huyu mama alitaka mtu wa kumwona. Na mimi je? Nashona usiku na mchana, sifa ni za Diane, jina ni la Diane. Mpaka lini? Mtu asiyeweza kufika huku, kwa watu wa huku, ana tofauti gani na marehemu?"

Libère alitukana kwa Kirundi. Diane akaisogeza simu karibu na uso. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Ulilia?"

"Nini?"

"Ulipokuwa unamwambia nimekufa. Ulilia?"

Coletha akatazama glasi. Basi Diane akamwuliza Ploy swali lile lile kwa Kiingereza.

"Alilia sana," Ploy akasema. "Nilimkumbatia. Nikafunga duka kwa ajili yako."

Kisha Ploy akakasirika. Alimnyang'anya Coletha ile glasi, akamwonyesha mlango. Akamrudia Diane. "Mwongo huyu simpi kitu. Nakupa wewe. Njoo mwenyewe, mwezi ujao. Unakuja lini?"

Coletha akasimama pale mlangoni, hakutoka. "Mwambie, dada," akasema, safari hii kwa Kiingereza. "Mwambie lini."

Alijua. Yeye peke yake duniani ndiye aliyeijua aibu ile, kwa sababu Diane alimwambia kwenye lile godoro moja, usiku wa baridi, kwamba anaona haya. Diane angeweza kusema mwakani. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Siji, mama," akasema. "Mimi ni mkimbizi. Nikitoka nchi hii sirudi. Sikuwahi kuwa na uwezo wa kuja."

Ploy akakaa juu ya jora la lesi.

"Miaka yote hii uliniambia mwakani."

"Niliona haya."

"Mimi nilipika. Kila mwaka nilimwambia mume wangu, rafiki yangu anakuja." Akapangusa uso. "Huyu kanidanganya leo. Wewe umenidanganya miaka. Sijui nimwamini nani. Leo simwuzii mtu." Akakata bila kuaga.

Diane alibaki ameishika simu. Libère akamletea chai, akaiweka, ikapoa. Angeweza kusamehe kuzikwa akiwa hai, alimwambia Libère baadaye, maana tamaa ni tamaa. Lakini aibu yake, ile aliyomnong'oneza mtu mmoja tu, imechukuliwa ikafanywa ufunguo wa kumwibia, na bado ikatumika mara ya pili kumchoma nayo. Hapo akalia upya, na safari hii hakumlilia mtu mwingine.

Jioni, Umbilo Road magari yamejaa yanapiga honi, ujumbe wa Coletha ukaingia. Dada, hasira zikiisha tutaongea. Natua Jumapili asubuhi na mji mzima sina pengine pa kufikia, unajua. Naomba unifungulie.

"Usimjibu huyo," akasema Libère.

Diane alikuwa ameshaandika. Akausoma mara moja, akautuma: Maiti hafungui mlango.