Vipira Vitatu vya Lindolfo

Kwa miaka arobaini na mmoja Lindolfo alipiga tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, katika bendi ya frevo, muziki wa kanivali, mjini Olinda, na hakuna kilima cha mji ule ambacho hakuwahi kukipanda huku akipuliza. Hivyo alipokwisha kupandikizwa ini, na daktari akaja kumtajia mambo yanayoweza kuyaponza mapafu yake (sigara alizovuta hadi mwaka juzi, maji yaliyomjaa tumboni, saa tisa kwenye meza ya upasuaji, mifuko kumi na mmoja ya damu aliyoongezewa), alimsikiliza kwa upole, kama mtu anayesomewa hali ya hewa ya nchi nyingine.

"Daktari, mapafu niachie mimi," alisema. "Wewe shughulika na ini."

Siku ya tatu Jacira, binti wa mazoezi ya kifua, alimletea kidude cha plastiki chenye mrija na vipira vitatu. Vipira vikipanda, mapafu yanafunguka. Visipopanda, makohozi yanatuama, nimonia inabisha hodi, na mgonjwa anarudi kwenye mashine ya kupumulia. Lindolfo alikuwa ameachana na mashine hiyo juzi tu, na hakuwa na hamu ya kurudiana nayo.

Alikaza midomo, akapuliza. Mshono ukamkumbusha kwamba upo. Vipira vikatulia tuli.

"Kibovu hiki."

"Na kipimajoto cha jana kilikuwa kibovu," alisema mkewe, Quitéria, huku akifuma kitambaa chake. "Baba Nilson, hospitali nzima mbovu, mzima wewe tu."

"Mzee wangu, unapuliza," Jacira alisema. "Hiki unavuta hewa ndani."

"Miaka arobaini napuliza, leo nivute?"

"Kabla ya noti ya kwanza huwa unafanya nini?"

Lindolfo alifikiri. Swali hilo hakuwahi kuulizwa.

Jacira akainua kidole, kama kiongozi wa bendi. Lindolfo akajaza kifua. Kipira cha kwanza kikapanda, kisha cha pili; cha tatu kikasitasita kama karani anayeombwa sahihi, kikapanda. Kisha akakohoa kwa muda mrefu, na Jacira akayatazama makohozi yake kwa furaha ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuionyesha mbele ya kitu chochote chake.

Mashine ile ya kupumulia hakuiona tena.

Kwenye kanivali, tuba ilikuwa bado imepigwa marufuku hadi mshono ukomae. Bendi ilipopita chini ya dirisha lake, Lindolfo alivuta pumzi pamoja nao. Kupuliza akawaachia wao.