Mkunga wa Kitangari na uji wa mama mkwe

Saa mbili asubuhi. Selestina Yohana ameinama juu ya tumbo la Dominika, sikio kwenye kipembe cha mbao, anahesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Nje ya zahanati hii, jirani na Kitangari, Mrisho, dereva wa mnunuzi wa korosho, anapiga honi. Anakwenda Newala mjini, iliko hospitali, na hatasubiri sana.

Uchungu wa Dominika unafuatana bila kupumzika. Kwa mimba ya kwanza, mkunga anaingiwa na shaka.

Anamgeukia mama mkwe, Agatha, anapiga goti. "Shikamoo, Mama Bernard."

"Marahaba."

"Uji wa asubuhi mmetia nini?"

Agatha anajibu sukari. Selestina haondoki gotini, wala hakemei. Hatimaye mama huyo anafungua pindo la khanga na kutoa kipande cha mzizi. Alitaka mkwewe ajifungue upesi, asipasuliwe.

Dawa hiyo, anaeleza mkunga, hukaza tumbo la uzazi hata mtoto akakosa hewa. Huwafikisha kwenye kisu wale wale wanaokikimbia.

Moyo wa mtoto unaanza kupunguza mwendo. Selestina anamwambia Mrisho awashe gari, kisha anapanda nyuma na mgonjwa wake. Mzizi kautia mfukoni, daktari auone.

Ana miaka kumi na minne kazini hapa. Wenzake humtania kwamba magoti yake yamechakaa kuliko ya katekista. Mwaka 1992, wajawazito wanne wa kijiji walizaa kwa kupasuliwa. Mwaka jana, 1997, walikuwa kumi na tisa.

Wengi, anasema, upasuaji uliwaokoa. Wengine walishapasuliwa uzazi wa kwanza, ikabidi warudie. Wapo pia wanaowahishwa na hofu: tangu wanunuzi binafsi waanze kuja, pikapu ikipita familia huidandia, uchungu haujakolea, maana nyingine haijulikani itapita lini; wakifika mapema hivyo, hupasuliwa.

"Kisu si adui yangu. Nauliza tu, huyu kimemfikaje?"

Dominika alipasuliwa mchana ule ule, akapata binti mzima.

Sasa Selestina anapanga kila Jumatano wenye mimba ya miezi minane waje na mama wakwe zao. Alikusudia kuzungumza nao mwenyewe. Agatha, mjukuu mapajani, alimkatalia.

"Wewe, mwanangu, watakusikiliza kwa adabu, wakirudi nyumbani wakoroge. Niachie mimi. Nitawaambia nilikoroga kwa mkono huu, na nusura nimzike huyu."