Cheni ya Watu Wawili

Petroli iliyolala muda mrefu ndani ya tangi hunuka uchachu, na nyumba yetu ya udongo pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ilinuka hivyo, kwa sababu pikipiki ya papa ililala ndani pamoja nasi, nyuma ya pazia la kitenge. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya zamani sana. Papa aliinunua kwa padri mmoja kwetu Fizi, Kongo, kabla sijazaliwa, na ndiyo iliyobeba mizigo yetu tulipokimbia vita. Injini yake ilikuwa imekufa. Kila jioni, tukila ugali wa muhogo, papa alisema ikipona tu atarudi kuangalia shamba lake. Mama aliacha kutafuna. Mume wa jirani yetu, Mama Furaha, alikuwa ameenda kuangalia shamba hivyo hivyo, na hakurudi.

Msimu wa maharage papa alipata injini mjini Mbarara, iliyotolewa kwenye pikipiki mpya iliyogongwa. Tulipandisha yetu juu ya lori la magunia. Mama akaja kuuza maharage yake, nami nikaja kwa sababu nililia. Fundi alikuwa mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya pale mjini aliyetengeneza pikipiki saa zake za mapumziko, na kila mtu alimwita Afande. Injini ile ilikuwa nyembamba kuliko ya kwanza, hivyo gurudumu dogo la meno linalovuta cheni lilikaa ndani mno, halikutazamana na lile kubwa la nyuma. Afande alichomelea vishikio vipya, akaongeza washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, akavuta uzi kutoka meno ya nyuma hadi ya mbele na kufumba jicho moja. Uzi ulinyooka. Papa akaizungusha peke yake hadi sokoni, akarudi anacheka kama kijana. Kisha mama akapanda nyuma, mimi juu ya tangi, tukashika njia ya kurudi. Hatukuwa tumeumaliza mji cheni ikaruka. Tukarudi, ikakazwa, ikaruka tena.

"Mama, wewe nakaa namna gani juu ya hii kitu?" Afande aliuliza.

Mama alikaa upande, miguu yote kushoto, kama wanawake wote wa kanisa letu. Miaka yote aliyopanda kabla injini haijafa, uzito wake ulikuwa umekula bushi za nyuma, vile vipete vinavyoshikilia gurudumu lisiyumbe, gurudumu likawa linainama kila akikaa. Bushi za pikipiki kuukuu kama ile hazikupatikana Mbarara nzima.

"Kaa kama askari basi, mguu huku, mguu huku."

"Askari ni wewe," mama alimjibu.

Afande alicheka, kisha akamgeukia papa. "Mzee, chagua. Mi nanyoosha cheni ya wewe peke yako, ama na mama juu? Zote mbili haiwezekani."

 Mama alijifunga kitenge upya, akakikaza. "Papa Neema, ujibu. Ya peke yako ni ya kwenda Fizi. Miye nitabaki mu Nakivale na batoto, ningoje kama Mama Furaha?"

"Batu banatuangalia," papa alinong'ona.

"Baangalie."

Afande aliwasha sigara, akageukia ukuta. Papa alichuchumaa, akaipitisha ile cheni vidoleni taratibu, kiungo kwa kiungo, kama anayeaga. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Panda, Mama Neema," alisema.

Mama akapanda, akakaa upande, na uzi ukavutwa naye yuko juu. Shamba lile papa hakuliona tena. Jioni aliendelea kulisimulia, mihogo yake na kijito chake, na mama sasa alimsikiliza hadi mwisho.

Leo nina miaka arobaini na kitu, na nimekaa miji mingi kuliko ninavyoweza kueleza sababu zake. Pikipiki yangu ni mpya. Cheni yake hainyooshwi kwa uzito wa mtu fulani. Nikichoka mahali naondoka asubuhi, simuulizi mtu, na hajawahi kutokea mtu wa kuniambia nichague. Mara zote nimefika nilikokwenda. Nazima injini, nashuka, na nyuma yangu hakuna wa kumwambia tumefika.