Baraza Ambayo Mama Hakuikalia

Moshi wa kuni mbichi na harufu ya majani ya migomba yaliyolowa: hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yetu kule Kinyala. Nyumba yetu ilikaa ukingoni mwa kilima. Ukungu ulipoinuka, aliyeketi kwenye baraza ya mbele aliona bonde zima, migomba juu, chai chini, na ng'ambo Mlima Rungwe ukijitokeza taratibu hadi kileleni. Sijaona mahali pazuri kuliko pale, na wanaonisifia hoteli za ufukweni huwa nawaacha waseme.

Baraza hiyo ilikuwa ya babu, mzaa baba. Mama alikuwa mkwewe, na kwa desturi yetu Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hakai alipo, wala hapishani naye njiani. Kwa hiyo mama aliishi nyuma ya nyumba, upande wa jiko, akitazama ukuta. Babu alikuwa muungwana. Kabla ya kutoka alikohoa kwa nguvu, na mama, ndoo kichwani, alitumbukia migombani mpaka mzee apite. Sisi watoto tulicheka sana. Chakula nilipeleka mimi, na babu akipokea sahani ya ndizi na maharage alisema "Ndaga," yaani asante, kwa sauti ya kupenya ukuta, maana hakuwa akinishukuru mimi.

Msimu mmoja wa baridi, nikiwa darasa la tatu, babu aliugua kifua, akafariki. Alizikwa palepale mbele ya nyumba, karibu na baraza yake. Waombolezaji walipotawanyika nilimshika mama mkono, nikamvuta. Nilitamani mno naye aketi pale, aone. Bonde lilikuwa linang'aa. Tulipofika kwenye kona ya nyumba alisimama ghafla, akajifunika uso kwa kitenge.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

"Nini, mama?"

"Amekohoa."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Lakini mama alishaingia migombani. Tangu siku hiyo kona ile niliipita mbio, hata mchana wa jua kali.

Siku hizi nyumba ina umeme na bati jipya. Mke wa kaka yangu humsalimia baba kwa mkono, wanatazama taarifa ya habari pamoja, na jua likiwaka huanika maharage juu ya kaburi la babu huku akiimba. Simlaumu. Namwonea wivu kwa niaba ya mama, ambaye amezeeka na bado anazungukia nyuma, na nikiwa peke yangu pale barazani najikuta nasikiliza, nikiogopa kwamba mama hakukosea.

Pasaka iliyopita kaka alituonyesha sehemu aliyoitenga kwa makaburi ya familia, kando ya kaburi la babu. Kisha akaenda kumwambia mama, kwa nia njema kabisa, kwamba siku yake ikifika naye atalala pale mbele, kwenye uzuri wote ule alionyimwa. Mama alikuwa akimenya ndizi jikoni. Hakuinua kichwa.

"Mnizike huku nyuma," alisema. "Pale mbele nitakuwa nimelala tu, mwanangu. Nitampishaje?"