Bokali ya Samaki ya Darasa la Tano

Mwezi uliopita nililala katika hoteli moja ya Beni nikingojea bidhaa zangu, na pale mapokezi walikuwa wameweka samaki ndani ya kisanduku cha kioo. Kulikuwa na mpira mwembamba wa kupuliza mapovu, taa ya bluu na majani ya plastiki. Umeme ulipokatika, mapovu yakasimama, na binti wa mapokezi akakimbilia jenereta huku akisema, "Bitakufa, mama, bitakufa sasa hivi!" Watu wakacheka. Mimi, rafiki yangu, nilibaki pale na ufunguo mkononi, nikashindwa kupanda ngazi. Nilikuwa nimewakumbuka samaki wetu wa Butembo, ambao hawakuwa na mpira wala taa, na mwalimu aliyetufundisha kuwatunza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikikaa kwa nyanya, mama wa mama yangu. Wazazi wangu walibaki Kayna na mashamba yao, mimi nikaletwa Butembo nisome. Vita vilikuwa vimeshazoeleka kwetu kama mvua. Barabara ya Alimbongo ikifunguka, mama alituma gunia la viazi na barua. Ikifungwa, hatukupata kitu, na nyanya alisali rozari mara mbili. Askari walikuja, wakaondoka, wakaja wengine wenye kofia nyingine, na sisi watoto tuliacha kuuliza ni akina nani. Tuliamka kwenye ukungu, tukachota maji ya kijito kule chini ya mikalitusi, tukanywa uji wa mtama ambao nyanya aliupika mzito mpaka kijiko kikasimama, kisha tukakimbia shuleni na sweta zetu za mitumba.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alitoka Kasai. Serikali ilimleta kabla ya vita, halafu ikamsahau. Mshahara wake ulikwama upande wa pili wa mapigano, na akawa anaishi kwa vile wazazi walivyoweza kumpa, kikapu cha maharagi hapa, mkungu wa ndizi pale. Alikuwa mrefu, na koti lake moja la kahawia lilikuwa na viraka kwenye viwiko. Yeye na mke wake walipanga nyumba ya udongo ng'ambo ya barabara, mbele ya kwetu, na mke wake aliuza kwanga, mikate ya muhogo, mlangoni. Katika Kinande, lugha yetu, neno alilolijua sawasawa ni wasingya, asante, na alilitumia hata mahali pa kusema pole. Aliwahi kumwambia wasingya mjane kwenye matanga. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini, lakini baadaye aliniambia, "Ule mutu iko na roho muzuri. Umusikilize."

Siku moja somo lilikuwa juu ya mimea na hewa. Alichora ubaoni samaki na jani, akazungusha mishale, na hakuna aliyeelewa. Kesho yake akaja amekumbatia bokali kubwa ya kioo, zile ambazo wenye maduka walitilia bonboni, pipi za watoto. Alipewa na mfanyabiashara mmoja aliyeporwa duka lake lote mpaka rafu. Bokali iliachwa kwa sababu haikuwa na mfuniko.

Tulishuka kijitoni darasa zima. Tulichota tope jeusi la ukingoni, lenye harufu ya mayai mabovu, tukalichuja kwa kipande cha chandarua. Vidole viwili vya tope chini ya bokali. Juu yake vidole viwili vya mchanga, na mchanga ule mwalimu aliukataa mara sita. "Murudie kuosha," alisema, "maji ingali chai." Tulipomaliza, vidole vyetu vikiwa vimekufa ganzi, aliweka sahani juu ya mchanga na kumwagia maji juu ya sahani, polepole, ili tope lisiamke. Majani ya majini tuliyang'oa na mizizi yake, mengine marefu kama utepe, mengine ya vijani vidogo vya duara, naye akayapanda kwa vijiti viwili, akayasonganisha mpaka tukadhani amekosea. Samaki tulikuwa tayari nao ndani ya kopo. Akatuambia tuwarudishe.

"Maji hii haiko tayari. Tukibatia leo, kesho tutabazika."

Tulingoja wiki nne. Kwanza maji yalikuwa kama maziwa, halafu yakawa kijani, na wa darasa la sita wakipita dirishani walituuliza kama tunapika sombe, majani ya muhogo. Kisha asubuhi moja tuliingia tukakuta maji ni kama hayapo, ungedhani majani yamesimama hewani, na vipovu vidogo vidogo vimening'inia chini yake. "Muko munaona?" mwalimu alisema. "Jani iko napumua." Alisema kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Tukatia konokono, kisha samaki watano wadogo kuliko kidole changu cha mwisho, wenye mstari mweusi ubavuni. Uchafu wa samaki ulilisha majani, majani yaliwapa samaki hewa. Kazi yetu ilikuwa kuongeza maji yaliyokauka na kutupia makombo machache, na Jumamosi viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la maji nyumbani kwa nyanya. Kazi ya Jumamosi nilipewa mimi. Sijui kwa nini alinichagua. Nilikuwa mtoto wa maneno mengi, na mbele ya bokali nilinyamaza. Labda ni hilo aliloliona.

Halafu Jumatatu moja tulikuta lango la shule limefungwa, na nguo za kijeshi zimeanikwa juu ya ua. Askari walikuwa wameingia madarasani. Shule ikasimama. Siku ya tatu moshi ulipanda kutoka kule, na nyanya, aliyeuza kuni tangu ujana wake, alinusa hewa akasema, "Ile haiko mukalitusi. Ni madawati."

Mimi nilichofikiri ni samaki. Nilivuka barabara kwenda kwa mwalimu, nikamwambia watakufa. Akanijibu kwa upole kwamba hawatakufa, bokali inaweza kukaa mwezi mzima bila mtu, ndiyo sababu tuliisuka vile. Siku mbili baadaye nikarudi, akanijibu vilevile. Wiki ya pili nilirudi tena. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mke wake akifunga kwanga kwenye majani, na nikasema juu ya askari wale neno ambalo hata sasa, nikiliandika, mkono unasita.

"Mwalimu, uko naogopa basoda?"

Mke wake aliacha kufunga, akaniangalia. Mwalimu alicheka kidogo, akasugua magoti, akasimama. Alichukua koti lake kwenye msumari, akatia mfukoni kadi yake ya kazi. Mke wake akasema kitu kwa lugha ya kwao, yeye akajibu kwa maneno mawili, na tukatoka. Nilitembea mbele yake nikirukaruka.

Langoni askari mmoja alituzuia. Mwalimu alimsalimia kwa Lingala, akaonyesha kadi, na uso wa yule askari ukafunguka. Askari huyo alikuwa amekaa zamani karibu na kwao mwalimu, wakaanza kutajiana mitaa na vivuko. Nikaona mambo yameenda vizuri. Alituingiza mpaka darasani. Hapakubaki dawati hata moja. Sakafuni kulikuwa na majivu na mikeka, ukutani bunduki zimeegemezwa, na ubaoni mishale ya mwalimu ilikuwa bado ipo, samaki na jani. Bokali ilikuwa dirishani, mahali pake. Maji yalikuwa yamepungua kwa kiganja, majani yamenenepa, na samaki wote watano walikuwa wakizunguka.

"Ni mimi nilikataza basiguse," askari akasema, kwa fahari. "Balitaka kutia pombe ya kasiksi ndani."

Nilipiga makofi. Nilikuwa bado nikipiga makofi wakati mkubwa wao alipoingia, mtu mfupi mwenye miwani, mkimya. Alimtazama mwalimu kuanzia viatu mpaka kichwa, akauliza anatoka wapi, ameoa, ana ugonjwa wowote. Kisha akasema, kama mtu anayeomba kiberiti, "Tunaondoka leo, mwalimu. Tuko na vitu mingi. Utatusaidia kubeba."

Mwalimu akasema, "Mon commandant, niko na huyu mutoto, bwana. Acha nimurudishe kwanza kwa nyanya yake."

"Mutoto anajua njia."

Yule askari wa langoni aliangalia chini. Hakutaja tena mitaa wala vivuko. Nilingoja mwalimu ajibu, kwa sababu daima alikuwa na jibu. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaenda dirishani. Alichukua kikombe cha askari, akaanza kuteka maji ya bokali na kuyamwaga nje, kikombe baada ya kikombe, mpaka yakabaki nusu.

"Ikijaa utaanguka nayo," aliniambia. "Shika chini, hapana kushika shingo. Ufike, ungojee kidogo, ndiyo uongeze maji. Ya kijito, hapana ya kisima." Akaniwekea koti begani. "Umuambie madame niko nakuya."

Nilitoka na bokali mikononi. Sikulia, sikumwita mtu. Barabara nzima niliangalia maji yasimwagike, na watu walinipisha, mama mmoja akaniambia, "Eeh, basamaki bazuri!" Nilijisikia nikisema wasingya.

Mke wa mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Aliona koti kabla ya kuniona mimi. "Iko wapi?" aliuliza, na nilijibu, "Anasema iko nakuya." Alinivua koti lile begani, akakimbia kuelekea shuleni na viganja vyake vingali na unga wa muhogo. Alipofika, walisema, madarasa yalikuwa matupu na lango liko wazi, na watu wa njiani walikuwa wameona msururu wa wanaume wenye masanduku kichwani ukishika barabara ya Beni. Alifuata mpaka miguu ikakataa. Mkulima mmoja alimrudisha kwa baiskeli.

Nilimweleza nyanya yote, hata neno langu. Nilitaka anipige. Hakunipiga. Alikaa na rozari yake mapajani bila kuisali, kisha akasema, "Ongeza maji. Ile basamaki haikumufanyia mutu kitu." Ndivyo ilivyokuwa: kila siku nilitunza vitu ambavyo sikuweza kuvitazama. Samaki walistawi. Majani yalifika juu ya maji, na siku moja nikaona kati yake vinyuzi viwili vyenye macho, watoto wa samaki. Ng'ambo ya barabara mke wa mwalimu hakuuza kwanga tena. Nyanya alimpelekea chakula, nami nilibeba sahani, naye alisema asante bila kuniangalia.

Shule ilifunguliwa, tukakaa juu ya matofali, na mama mmoja wa kwaya akatufundisha hesabu. Mvua zilianza, zikaisha.

Mwalimu alirudi siku ya soko, kwa miguu. Alikuwa amebeba masanduku mpaka upande wa Mavivi, kwenye uwanja wa ndege wa Beni, na kupita, na siku mapigano yalipoanza kule, alijitupa katika shamba la kahawa akatambaa. Hayo tuliyasikia kwa wengine. Yeye hakusimulia. Mkono wake wa kulia ulining'inia, haukupanda juu ya kifua, na ngozi ya shingo ilikuwa imechubuka na kupona vibaya. Juma lililofuata aliingia darasani, akachukua chaki kwa mkono wa kushoto, na kuandika tarehe. Herufi zilikuwa za mtoto wa darasa la kwanza. Darasa letu lilicheka kila kitu, mbuzi akipita, mtu akipiga chafya. Siku ile hakuna aliyecheka, na yeye aliendelea kuandika mgongo umetugeukia muda mrefu kuliko tarehe inavyohitaji.

Jumapili moja alikuja kwetu. Nyanya alimpikia bundu, ugali wa muhogo, na maharagi, na alipomaliza kula alikwenda dirishani kutazama bokali. Nilisimama pembeni yake. Nyanya aliniangalia kutoka jikoni, akaniashiria kwa kichwa taratibu, kama kusema: sema sasa.

"Basamaki balizaa," nilisema. "Nilihesabu watoto, iko mbili."

"Ni vizuri," alisema. Aligusa kioo kwa kidole. "Ukate majani ya juu. Inafunika mwanga."

Akashukuru kwa chakula, akavuka barabara.

Mwaka wa shule ulipoisha, ndege zilikuwa zimeanza tena kutua Mavivi, na mwalimu na mke wake wakapata nafasi ya kurudi Kasai. Darasa zima tulikwenda kuwasindikiza mpaka kwenye lori la Beni. Alitupatia mkono wa kushoto mmoja mmoja. Kwangu alisema, "Usome." Nilisema, "Safari njema, Mwalimu." Lori likaondoka na mke wake akiwa amekaa juu ya magunia, ameshika koti la kahawia.

Samaki niliwarudisha kijitoni likizo ile. Nyanya alifariki miaka mingi iliyopita na nyumba ikauzwa. Kijito siku hizi kinapita chini ya nyumba za watu, kimejaa chupa, na sijui kama mtoto yeyote wa mtaa ule anajua kuna samaki walikuwepo wenye mstari ubavuni. Nimeuliza habari za mwalimu kwa kila mtu wa Kasai niliyekutana naye kwenye biashara. Hakuna anayemjua.

Watu huniambia nilikuwa mtoto, kwamba vita havikuningojea mimi, kwamba wangemchukua hata sokoni. Labda. Lakini baada ya kurudi, alikaa mbele yangu kila asubuhi, toka kengele mpaka saa sita, miezi minne. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia nikinong'ona. Nilihitaji kumwomba msamaha tu, na neno lenyewe nililijua kwa lugha tatu.