Machungwa ya Kijani Kwa Vonza

Niliondoka kwetu Mukuyuni kwa sababu ya hofu, si utalii. Ijumaa, mbele ya darasa zima, Madam wa Sanaa aliniambia: "Jumatatu niletee mchoro wako mwenyewe, usionakiliwa kwenye simu. La sivyo, hamia Kilimo." Mimi na jembe! Kitabu cha Sanaa nilikuwa nimekimeza chote, najua rangi zote na majina ya baba zao. Lakini nikishika karatasi, kichwa kinakuwa kama mto wetu wakati wa kiangazi: mchanga mtupu.

Jumamosi asubuhi Mjomba Kioko alipakia machungwa kwenye pikapu kwenda kuuza Kwa Vonza. Nikajipakia pia.

Tawa tulisimama kunywa chai. Nilikodolea macho kila kitu kama mwizi: matuta ya mashamba mlimani, kuku, hata sufuria.

"Unatafuta nini?" Mjomba akauliza.

"Wazo."

"Ungesema mapema. Hapa wanauza mandazi tu."

Kwa Vonza, sokoni, nikaona nisaidie kisomi. Kitabu kinasema rangi ya chungwa hung'aa juu ya buluu. Nikatandika turubai la buluu, nikapanga machungwa juu yake. Hakuna aliyesimama. Mama mmoja akauliza, "Haya yameugua?"

Ndipo nikatazama. Machungwa ya Makueni hata yakiiva ganda hubaki kijani! Nimeyala tangu niote meno, lakini nilikuwa nimeyapanga kana kwamba ni yale ya kitabuni.

"Sanaa yako inanifungia soko," Mjomba akanung'unika. Mteja hakuna, mchoro hakuna, Jumatatu hiyo inakuja.

Ngoja. Kitabuni, kijani na nyekundu si ndizo rangi zinazokabiliana, kila moja ikiing'arisha mwenzake? Nikakimbilia kwa Mama Halima, muuza leso jirani.

"Mama, niazime hiyo nyekundu."

"Ikipata doa, utaivaa urudi nayo shule."

Nikaitandika. Weh! Machungwa yaliruka kama yameitwa majina. Yule mama aliyeuliza kama yameugua akarudi, akanyoosha mkono wenye bangili, akaanza kuchagua. Nami nikaacha kuona biashara: nikaona mkono, wekundu, ukijani. Vidole vikaniwasha. Nikararua kipande cha boksi, nikatoa penseli.

"Wateja!" Mjomba akapiga kelele.

"Huyu ndiye wangu!"

"Unanichora?" mama akacheka. "Basi nipunguze kiuno."

Tukirudi jioni, nilipakata lile boksi kama trei ya mayai, moyo ukidunda kila shimo la barabara. Jumapili nilipaka rangi. Tumbo langu liliuma wakati wa kanisa tu, ili nibaki nyumbani, na Mungu anajua.

Jumatatu Madam aliutazama mchoro, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Nikaanza kuwaza nitakavyoshika jembe.

"Kwa nini machungwa ni kijani?"

"Yale ya kitabuni nimeyajaribu, Madam. Hayauziki."

Akauma midomo asicheke. "Kaa chini. Hapa hapa Sanaa."

Nikakaa. Kitabu bado nakibeba. Bila hicho nisingeikimbilia leso. Ila siku hizi naliangalia chungwa kwanza.